Bibi anapiga kila tukimvalisha. Ni ugonjwa wa kusahau au anaumwa?

Mhudumu wa Asubuhi

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mhudumu kwenye makao ya wazee, huu ni mwezi wangu wa saba. Unesi sijasomea. Nilipewa mafunzo mafupi ya kuogesha, kulisha na kumgeuza mtu kitandani, basi. Kuna jambo linaninyima usingizi, na kazini nikiuliza najibiwa kwa mkato.

Tuna bibi wa miaka 84. Ugonjwa wa kusahau umemfikisha mbali: wanawe anawachanganya na ndugu zake waliokwisha kufa, na maneno yaliyobaki ni machache, mengi hayashikani. Lakini ni mtu mpole sana. Akiwa kwenye kiti chake dirishani ukampa taulo, atalikunja, alikunjue, alikunje tena, pindo kwa pindo, mpaka lilingane sawasawa. Anaweza kufanya hivyo mchana mzima. Ukipita karibu anakunyooshea mkono umshike.

Shida ni asubuhi. Tukimwosha, hasa tukifika kwenye kumvua gauni la kulalia na kumvalisha la mchana, anageuka mtu mwingine. Anapiga, anauma, anapiga kelele "toka, toka, toka". Wiki jana alinikwaruza shingo mpaka damu. Kwa hiyo tunaingia wawili, mmoja anamshika mikono, mwenzake anavalisha haraka haraka ili yaishe. Naliandika hili kwa aibu, maana tunamshika kwa nguvu na mimi ni mmoja wao.

Kwenye kitabu cha zamu kila siku ni neno lile lile: "mkali, hana ushirikiano". Kiongozi wa zamu anasema ndio ugonjwa wenyewe, wakifika hatua hiyo huwa hivyo. Daktari alipopita akaelezwa hivyo hivyo, akamkuta bibi ametulia kitini, akaandika dawa ya kumtuliza. Sasa anasinzia mpaka saa sita, kula kumepungua, taulo halikunji tena. Na asubuhi bado anapiga, ila bila nguvu.

Juzi nilikuwa naye peke yangu nikaamua kwenda polepole. Nikamwosha uso, kifua, miguu, kimya. Nilipouinua mkono wa kushoto niupitishe kwenye mkono wa gauni, kabla hajanipiga, uso ulibadilika. Nyusi zilikutana, macho akayafumba kwa nguvu, mdomo wa juu ukapanda, akavuta pumzi akaizuia. Halafu ndipo akanipiga. Nikaushusha. Akauchukua kwa mkono wa kulia, akaukamata pale kwenye kiwiko, akawa ameupakata kama mtu aliyebeba kichanga. Nikamshika bega la kulia nikamsemesha taratibu, akatulia, lakini mkono hakuuachia.

Nikamwuliza, "Bibi, unaumwa?" Akasema, "Hapana." Nilipomsimulia nesi, akaniambia, si umemwuliza na amekataa?

Mtu wa hali hii anaweza kuwa na maumivu na akasema hana? Nitajuaje? Na nikishajua, mimi nisiye nesi nifanye nini ili nisikilizwe?

Nesi Mstaafu

Mwanangu, nimefanya kazi hii miaka 31, kumi na tisa ya mwisho nikiwa na wazee wenye ugonjwa huu. Huyo bibi anaumwa, na alishakwambia. Alikwambia kwa uso kwanza, kisha kwa mkono. Nimesoma ulivyoeleza mfuatano ule, uso kabla ya kipigo, nikashukuru kwamba kuna mtu anaangalia. Wengi wetu tunaona kipigo tu, kwa sababu ndicho kinachotuuma sisi.

Nianze na ile "hapana". Ulimwuliza mkono ukiwa umeshashushwa na yeye ameupakata. Dakika ile pengine haukuwa unauma. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kurudi nyuma dakika tano akalinganisha. Anajibu kuhusu sasa hivi. Na wakati mwingine "hapana" ni neno tu lililobaki karibu na ulimi. Bado, kuuliza usiache. Wengi, hata walioathirika kiasi kikubwa, wanaweza kujibu ukiwauliza vizuri. Kaa usawa wa macho yake. Weka mkono wako pale unapopashuku na useme, "Hapa panauma?" Neno likigonga mwamba, badilisha: panachoma? panavuta? panapwita? pazito? Halafu nyamaza, subiri. Hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini kabla ya kuuliza tena, maana swali lenyewe linachelewa kufika. Na uliza wakati wa tendo, kiungo kikiwa kimeanza tu kusogea, si baada yake.

Wako watakaokwambia kwamba ubongo ukishaharibika, maumivu nayo yanapungua. Nimelisikia hilo hata kwa madaktari. Watafiti wa Australia waliliangalia jambo hili mwaka 2006 kwa mashine ya kupiga picha za ubongo unapofanya kazi. Waliwabana vidole gumba watu wenye Alzheimer's, aina ya ugonjwa huu inayowapata wengi zaidi, na wenzao wasio na ugonjwa, na zile sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu ziliwaka kwa wote. Kwa wagonjwa hazikupungua. Kinachopotea ni uwezo wa kusema na kueleza, na anayekosa sauti hukosa dawa. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa New York juu ya wazee waliovunjika nyonga: wenye ugonjwa wa kusahau uliokomaa walipewa kiasi cha theluthi moja tu ya mofini, dawa kali ya maumivu, waliyopewa wenzao wenye akili timamu. Nyonga zilivunjika sawa.

Sasa namna ya kujua. Kuna vipimo vya kuangalia kwa macho vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu hawa hawa. Abbey ulitoka Australia mwaka 2004, ni wa haraka, kama dakika moja. Mimi nimetumia zaidi PAINAD wa Marekani, wa mwaka 2003, kwa sababu hata mhudumu asiyesomea anaushika siku moja. Unaangalia mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Kila jambo unalipa 0, 1 au 2, jumla isizidi 10.

Mchukue bibi yako kwa maelezo yako mwenyewe. Pumzi aliizuia kwa muda: 1. Sauti, anarudia kelele za mtu aliyesumbuka: 2. Uso umekunjamana: 2. Mwili, anapiga na kusukuma: 2. Ulipomshika bega akatulia: 1. Jumla ni 8. Mpime huyo huyo akiwa dirishani na taulo lake, utapata 0. Daktari alipita wakati wa 0. Ndiyo maana nasema usimpime mtu ameketi ukaridhika. Maumivu ya viungo na mifupa hujificha mtu akitulia, yanatoka akigeuzwa, akisimamishwa, akivalishwa.

Namba hiyo usiichukulie kama mizani ya duka. Haikwambii maumivu ni makali kiasi gani, na haikwambii yanatoka wapi. Mtu anayeona baridi au anayeogopa kuvuliwa nguo na mgeni naye atapata alama. Kazi yake ni kukufanya uache kuandika "mkali" na uanze kutafuta.

Nikueleze kwa nini nina uchungu na neno hilo. Nikiwa bado kijana kazini tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akimwita mama yake usiku kucha. Kila usiku. Tukasema ugonjwa umepanda, akaandikiwa dawa ya usingizi, tukampa siku nne. Alikuwa anasinzia huku anaita. Usiku wa tano nambadilisha nepi, mkono wangu ukapita chini ya kitovu nikakuta pagumu, pameinuka kama mpira. Mkojo ulikuwa umeziba. Nepi zilikuwa zinalowa kidogo kidogo kwa sababu kibofu kilikuwa kinafurika, na sisi tulipoona unyevu tukaandika "amekojoa vizuri". Tulipomwekea mpira wa mkojo ilitoka zaidi ya lita moja. Aliacha kuita mkojo ukiwa bado unatoka. Alilala mpaka asubuhi bila dawa yoyote. Kwa siku nne nilimpa mtu mwenye maumivu dawa ya kumfanya ashindwe kulia, na mimi ndiye niliyetia saini.

Kwa hiyo mtafute bibi yako kuanzia utosini. Mdomo: jino lililooza, fizi, meno ya bandia yanayobana. Masikio. Hilo bega na mkono kwanza kabisa. Tumbo: amepata choo lini? Kufunga choo kunawatesa sana wazee hawa na hakuna anayeuliza. Mkojo. Mgongo na makalio kama kuna kidonda cha kulalia kinachoanza. Visigino, kucha zilizoingia nyamani, viatu. Kama aliwahi kupata mkanda wa jeshi, ngozi ile inaweza kuendelea kuuma miezi au miaka baada ya vipele kukauka, hata ikiguswa na nguo tu. Wengi wana sehemu mbili au tatu zinazouma kwa pamoja. Ukipata moja usisimame.

Unauliza utasikilizwaje. Usiende na maneno "nadhani anaumwa", nenda na karatasi. Andika hivi: "Saa moja na nusu asubuhi. Kuoshwa uso na miguu, ametulia. Mkono wa kushoto ulipoinuliwa usawa wa bega, amekunja nyusi, amefumba macho, amezuia pumzi, amepiga. Mkono uliposhushwa, ameshika kiwiko cha kushoto, ametulia baada ya dakika tatu. PAINAD 8. Akiwa ameketi saa nne, 0." Andika siku tatu mfululizo, mpe nesi, na umwombe mbele ya mwenzako asubuhi moja aje aangalie yeye mwenyewe wakati wa kuvalisha. Nesi akishuhudia kwa macho yake, daktari ataitwa.

Na daktari akija, kuna jambo moja nesi wako aliombe: dawa ya maumivu kwa saa maalumu, si ile ya "apewe akihitaji". Mgonjwa huyu hawezi kuja dirishani kuomba, kwa hiyo ya "akihitaji" itakaa kabatini. Norway walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2011, wazee 352 kwenye makao 18, wote na ugonjwa wa kusahau wa kiasi cha kati au mkubwa, wote wakiwa "wasumbufu". Nusu wakatibiwa maumivu kwa hatua kwa wiki 8, na wengi wao hawakuhitaji kingine zaidi ya parasetamoli ya kila siku. Usumbufu ulipungua waziwazi kuliko kwa wale walioachwa na matibabu ya kawaida. Dawa ziliposimamishwa, ukarudi.

Parasetamoli nayo ina mipaka yake. Gramu 4 kwa siku ndio ukomo wa mtu mzima mwenye afya. Kwa bibi mwepesi, asiyekula vizuri, au ini likiwa na shida, daktari hushusha. Na isije ikawa kuna dawa ya mafua anayopewa yenye parasetamoli ndani, mkampa mara mbili bila kujua. Vidonge vya kundi la ibuprofeni kwa umri huu ni vya kuogopa, vinaumiza tumbo, figo na moyo. Ile dawa ya kutuliza usiikatishe kwa mkono wako, lakini umkumbushe nesi kwamba, kama ni ya kundi la dawa za magonjwa ya akili, ina hatari. Marekani ilitoa onyo rasmi mwaka 2005 kwamba dawa mpya za kundi hilo zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

Kesho asubuhi, kabla ya yote hayo, fanya hili moja. Acheni kumshika. Ukimvalisha, anza na mkono unaouma: ingiza mkono wako wewe kwenye mkono wa gauni kutoka upande wa nje, kamata kiganja chake, livute gauni lije kwake badala ya kuuvuta mkono uende kwenye gauni. Ukimvua, mkono unaouma uwe wa mwisho. Tafuta gauni linalofunguka mbele.

Binti wa Mzee

Samahani kwa kuingilia, mimi si wa kazi hii, ni mtoto wa mgonjwa. Nataka kuongeza upande mwingine, kwa sababu baba yangu hakumpiga mtu.

Baba alinyamaza. Wahudumu wakafurahi wakasema siku hizi ametulia sana. Nilimkuta kila nikienda anatazama ukuta. Chakula anatafuna upande mmoja, taratibu, halafu anaacha. Tuliambiwa ndiyo hatua ya mwisho, tujiandae. Ilikuwa jipu la jino. Jino liling'olewa, akapewa dawa, siku ya nne akanisalimu.

Baba enzi za uzima wake alikuwa akiumwa na kitu hupiga mluzi mdogo kwa meno, bila wimbo, kama mtu anayepoza uji. Mama alikuwa anajua: "Baba yenu anapiga mluzi, mwacheni." Kule makaoni alipiga mluzi ule wiki tatu na waliandika kwamba ana furaha. Ningeulizwa ningesema siku ya kwanza. Dada, waulizeni wanawe na bibi. Kila mtu ana namna yake ya kuumwa na walioishi naye wanaijua.

Mnyoosha Viungo

Nakubaliana na Mama Nesi, naongeza kuhusu bega tu, maana ndiyo kazi yangu.

Alianguka? Hata kama ni wiki nyingi zilizopita, hata kama iliandikwa "hakuna jeraha". Na alipata kiharusi upande huo? Bega la upande wa kiharusi huuma sana na watu huliharibu zaidi kwa kumwinua mgonjwa kwa kumshika makwapani. Msimwinue hivyo, yeyote yule.

Jambo la pili, uliona weusi wowote kwenye mkono, hasa karibu na kiwiko? Mfupa wa juu wa mkono ukivunjika karibu na bega, damu hushuka kwa uzito wake, siku kadhaa baadaye weusi unatokea kiwikoni wakati jeraha liko juu. Watu wanatibu kiwiko. Mpaka apigwe eksirei, mkono usiinuliwe juu, usinyooshwe kwa "mazoezi". Uwekewe mto mdogo chini ya mkono akiwa ameketi, uzito usiliburute bega.

Mhudumu wa Asubuhi

Nimesoma majibu yenu nikiwa kwenye mapumziko nikashikwa na baridi mwili mzima.

Alianguka. Nimefungua kitabu nikahesabu, wiki tano zilizopita. Zamu ya usiku walimkuta ameketi sakafuni kando ya kitanda, anatabasamu. Imeandikwa "hana jeraha, amerudishwa kitandani". Siku nne mbele yake kuna maandishi yangu mimi mwenyewe: "Weusi kwenye kiwiko cha kushoto, huenda amejigonga kwenye pembe ya kitanda." Na neno "mkali" halipo popote kabla ya siku ile. Nimerudi nyuma miezi mitatu, hakuna.

Kiharusi hajawahi kupata, kwa mujibu wa faili. Mama Nesi, nimeanza karatasi leo.

Nesi Mstaafu

Usisubiri siku tatu nilizokwambia. Kuanguka pamoja na weusi ule kunabadilisha kila kitu. Mpelekee nesi wa zamu kitabu kikiwa wazi kwenye kurasa hizo mbili, uziweke pamoja mbele yake, umwambie anahitaji eksirei leo. Na weusi uliuona, uliuandika. Bila mstari ule wa kalamu yako tusingejua hivi sasa.

Mhudumu wa Asubuhi

Siku kumi na mbili zimepita, narudi kuwapa habari.

Nesi wa zamu alisoma zile kurasa mbili, akanyamaza, akaenda chumbani kwa bibi. Alimshika kiganja, akauinua mkono kidogo sana, si hata nusu ya ninavyouinua mimi. Uso ule ule. Nyusi, macho, mdomo wa juu. Nesi akaushusha mkono polepole akaniambia, "Nimeona." Jioni bibi alipelekwa kupigwa eksirei na mimi nikafuatana naye. Mfupa wa juu wa mkono wa kushoto umevunjika chini kidogo ya bega. Umeshaanza kujiunga wenyewe, kwa hiyo hapasuliwi. Amefungiwa kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni.

Wiki tano tumekuwa tukiuvuta mkono uliovunjika kila asubuhi, watu wawili.

Daktari ameandika parasetamoli mara tatu kwa siku, kwa saa maalumu. Ya kwanza anapewa mapema, na mimi namwosha baada ya saa nzima kupita. Dawa ya kutuliza anaipunguza hatua kwa hatua, wiki hii amebaki na nusu. Wanawe tumewauliza, kama dada alivyosema. Mkubwa akasema mama yake akiumwa hushika kitu chochote kilicho karibu na kukisugua kwa kidole gumba. Nikakumbuka pindo la shuka lake lilivyochakaa upande mmoja. Tumeandika kwenye karatasi iliyo ndani ya mlango wa kabati lake: akisugua pindo, angalieni anaumwa wapi.

Gauni linafunguka mbele. Naanza na mkono wa kushoto, naingiza wangu kutoka nje kama mlivyonielekeza. Siku mbili za kwanza alikaza mwili akinisubiri nimuumize. Siku ya tatu alinitazama tu. Nampima kila asubuhi: 8, 7, 5, 5, 3, na tangu juzi ni 2. Akimwagiwa maji yaliyopoa bado anapiga, na hapo ana haki. Jana saa nne alikunja taulo, kwa mkono mmoja wa kulia, akilibana kwa kidevu ili lisiteleze.

Kiongozi wa zamu ameniomba nimwonyeshe ule upimaji. Kuna babu chumba cha mwisho ambaye naye ameandikwa "mkali" mwaka mzima, tumeanza kumwangalia.

Swali moja limebaki. Dawa ya asubuhi siku nyingine anaitema, au anaificha shavuni naikuta kwenye mto. Mwenzangu anasema tuisage tuchanganye na chakula. Inafaa?

Nesi Mstaafu

Msisage kitu kabla ya kumwuliza mfamasia. Parasetamoli ya kawaida inasagika, lakini kuna vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole kwa saa nyingi, ukikisaga hicho anaipokea yote kwa mpigo. Na kumfichia dawa kwenye chakula si uamuzi wa mhudumu, ni wa daktari pamoja na wanawe, na uandikwe. Rahisi zaidi ni kuomba ya maji. Mkalishe wima, mpe kijiko kwa mkono wake wa kulia akishike mwenyewe, wewe uuongoze tu kwa chini. Akimaliza, mwangalie shavuni. Akitema, andika "ametema" na saa, usiandike "amepewa", maana hiyo 2 yako ikipanda kesho tutataka kujua kwa nini.

Choo mmekiangalia?

Mhudumu wa Asubuhi

Siku ya nne leo hajapata. Naenda kumwambia nesi sasa hivi.